Mwenzako wa Kayaki Ana Haki ya Kukukagua

Kamba ya kukokotea unayoifunga kiunoni haitakuokoa wewe. Iko hapo kwa ajili ya mwenzako. Pampu iliyobanwa kwenye sitaha yako, siku ya shida huenda ikashikwa na mtu mwingine kabisa, kwa kuwa wewe mikono yako itakuwa imeshughulika kujizuia usipinduke tena. Hata jaketi okozi, lililo lako peke yako, mwokoaji ndiye atakayelishika mabegani akuvute. Likiwa halijakazwa litapanda hadi masikioni, yeye abaki na jaketi mkononi na wewe ubaki majini.

Karibu kila kitu cha usalama anachobeba mpiga kafi hutumiwa na mwenzake, au kwa ajili ya mwenzake. Kwa hiyo sisi tunaotoka kwa makundi madogo, bila mwalimu wala kiongozi wa kulipwa, tumefika mahali pa kuamini kwamba maandalizi ya mtu si siri yake. Anayekwenda nawe majini ana haki ya kujua umebeba nini, umekiweka wapi, na kama unaweza kukitumia. Wewe una haki hiyo hiyo kwake.

Kinachozuia ni kuona haya. Mtu mzima, rafiki wa siku nyingi, unamwambiaje akufungulie mfuko wake uone? Basi kila mmoja hunyamaza akidhani mwingine amebeba, na watu wanne wanatoka ufukweni na visanduku vinne vya huduma ya kwanza bila kamba hata moja ya kukokotea. Kanuni za usalama za American Whitewater, chama cha Marekani cha wapiga kafi wa mitoni, ambazo asili yake ni mwaka 1959, zinasema kundi dogo kabisa liwe watu watatu au vyombo viwili. Ni kanuni nzuri, ila idadi peke yake haiokoi mtu. Watatu wasiojua kuokoana ni sawa na watatu waliokwenda kila mmoja kivyake, tena kwa hatari zaidi, maana kila mmoja anajipa moyo kwa kuwaona wenzake.

Dawa ya kuona haya ni kulifanya jambo hili desturi. Dakika kumi ufukweni, kayaki zikiwa bado mchangani, kabla mtu hajavaa sketi ya kuzuia maji, ile inayofunika tundu la kukalia. Tunasisitiza iwe kabla ya kushua, kwa sababu ukishaketi ndani na maji yanakuita, kila swali linaonekana ni kuchelewesha safari.

Usimuulize mtu kama anajua kuokoa. Kila mtu atasema ndiyo. Muulize mara ya mwisho alipopinduka kwa makusudi na kurudi ndani ilikuwa lini, na maji siku hiyo yalikuwaje. Jibu la "mwaka juzi, kwenye bwawa la kuogelea" halimwondoi safarini, lakini linawaambia wengine wampange wapi na wasiende mbali naye. Halafu ulizeni afya. Mwenye pumu aseme inhela iko mfuko gani. Mwenye mzio mkali aonyeshe sindano yake ilipo na jinsi inavyochomwa, kwa kuwa ataihitaji wakati hawezi kusema. Mwenye kisukari aseme anapoanza kushuka sukari huwa anakuwaje. Bega lililowahi kuteguka lisemwe wazi: mwenye bega hilo hataweza kujivuta kupanda kwa mikono, na mwokoaji anatakiwa kujua mapema kwamba atatumia kitanzi cha kukanyagia. Na funguo za gari ziko wapi? Swali hili hudharauliwa. Mgonjwa akichukuliwa na boti ya uokoaji huku funguo zikiwa kwenye jaketi lake, waliobaki wanatua ufukweni wakiwa wamelowa, jua linazama, na nguo kavu zimefungiwa garini.

Kisha saa ya kugeuka. Itajwe saa yenyewe, wala isiwe "tukichoka". Mathalani: ikifika saa saba mchana hatujauona mlango wa ghuba, tunarudi. Itajwe pia hali ya kugeuka: vilele vyeupe vya mawimbi vikianza kuonekana kila upande, tunarudi. Katika kipimo cha upepo cha Beaufort hiyo ni namba 4, upepo wa noti 11 hadi 16, na kwa kundi mchanganyiko hapo ndipo mambo hubadilika. Kundi la kawaida hutembea kama noti 3, yaani kilomita tano na nusu kwa saa. Upepo wa noti 15 ukiwa usoni, mwendo huo unaweza kupungua hata kubaki nusu, na wa nyuma kabisa ndiye anayeamua kasi ya wote.

Upepo unaotoka nchi kavu kuelekea kilindini uzungumzwe peke yake, maana ni mdanganyifu. Ukisimama ufukweni unaona maji yametulia kama kioo, kwa kuwa miti na miinuko inayakinga. Kadiri unavyokwenda mbele upepo unapata nafasi ya kulima maji, mawimbi yanakua, na njia ya kurudi ndiyo yenye upepo usoni. Hapo asiye na nguvu anasukumwa mbali na nchi kavu bila kujijua. Pakiwa na maji kujaa na kupwa, kumbukeni mwendo wake: kati ya saa sita za maji kupwa, saa ya kwanza hupungua sehemu 1 ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye mkondo mkali, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, zaidi. Mkondo ukigombana na upepo, mawimbi husimama wima, mafupi na ya kuvunjika, mahali ambapo saa moja kabla mtoto angepita.

Mwisho wa mazungumzo, nani anaamua? Marafiki hupenda kusema wote ni sawa. Kwenye mapumziko sawa, lakini wakati wa dharura mtu mmoja lazima atoe amri na wengine watii kwanza, maswali baadaye. Mteueni, na mteue wa pili, kwa sababu anayepinduka anaweza kuwa ndiye huyo wa kwanza. Pamoja na hayo tunashika kanuni moja isiyobadilika: yeyote akisema "turudi", kundi linarudi. Hatoi sababu na haombwi kujitetea. Mtu akilazimishwa kujieleza mbele ya wenzake, safari ijayo atanyamaza, na atanyamaza wakati ambao macho yake ndiyo yaliyoona hatari.

Sasa ukaguzi wenyewe. Unafanywa kwa mikono, kila mmoja kwa chombo cha mwenzake. Macho ya mwenye kayaki yameizoea kayaki yake.

Anza na jaketi. Simama nyuma ya mwenzako, shika mabega ya jaketi, vuta juu kwa nguvu. Likipita kidevuni, halifai mpaka likazwe mikanda ya ubavuni, na likikazwa bado linapanda, si saizi yake. Jaketi za kupigia kafi zenye kiwango cha kimataifa cha ISO 12402-5 humpa mtu mzima mwelea wa nyutoni 50, kama kilo tano za kumwinua. Zinatosha kumsaidia aliye macho na anayejua kuogelea. Hazikuundwa kumgeuza aliyezimia alale chali, na kila mtu kwenye kundi anapaswa kulijua hilo. Povu lililokandamizwa miaka mingi chini ya mizigo hupoteza uwezo. Likiwa jembamba na gumu, au limechanika na kunyonya maji, litupwe. Filimbi iwe imefungwa kwenye jaketi, wala isiwe ndani ya mfuko wenye zipu.

Halafu kayaki. Kamba za sitaha, zile zinazozunguka kingo, ndizo mishiko ya mwokoaji. Ingiza vidole vinne chini yake uvute. Zikiwa zimelegea utazifikia kwa shida na zitakuteleza, zikiwa zimekaza kama waya vidole vyenye baridi havitaingia kabisa. Kamba za mpira zinazoshika ramani hazihesabiki: zinanyumbuka, na mwokoaji akizishika wimbi litamnyang'anya chombo. Vuta mishikio ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma). Bonyeza mifuniko ya stoo kuzunguka ukingo wote, maana mfuniko uliokaa upande mmoja huingiza maji polepole na mwenye chombo atadhani amechoka tu, kumbe tezi inazama. Kayaki isiyo na ukuta wa ndani nyuma ya kiti lazima iwe na mfuko wa hewa uliojazwa na kufungwa. Pasipo ukuta wala mfuko, maji hukimbilia tezini kayaki inapoinuliwa omo, hayatoki, na njia ya kuokoa tutakayoieleza haitafanya kazi. Zile za kukalia juu zina kizibo cha kumwagia maji; kigeuze kwa mkono uhakikishe kimekaza.

Sketi ya kuzuia maji ina kitanzi mbele. Kabla mtu hajasukuma kutoka, mwenzake atazame kitanzi hicho kiko nje. Kikifichwa ndani kwa bahati mbaya, aliyepinduka atakuwa kichwa chini akitafuta kitu ambacho hakipo.

Tukitaka kuipima kamba ya kukokotea tunafanya hivi: mwenye kamba anaivaa, mwenzake anashika karabina, ile ndoano ya mwisho wa kamba, anarudi nyuma mpaka kamba inyooke, halafu anaivuta kwa uzito wake wote. Hapo ndipo mwenye kamba afungue bizimu ya mkanda kwa mkono mmoja, kisha arudie kwa mkono wa pili. Mikanda mingi inayofunguka vizuri ikiwa imelegea hukwama ikivutwa, ama kwa sababu mwenyewe ameuchomeka mkia wa mkanda chini ili usining'inie, ama kwa sababu jaketi limelalia bizimu. Mkia haufungwi wala hauchomekwi. Usipoweza kujifungua mchangani, baharini kamba hiyo itakuvuta chini ya wimbi pamoja na unayemkokota.

Orodha ya vifaa tutaipitia haraka. Kila mtu, bila kutegemea mwingine: jaketi, filimbi, maji ya kunywa, chakula, nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, taa, kisu kinachofikika kwa mkono wowote, na pampu ya mkono. Watu huuliza kwa nini pampu isiwe moja kwa wawili. Kwa sababu wawili wakipinduka kwa wimbi moja zinahitajika mbili, na tundu la kukalia la kayaki ya baharini hubeba zaidi ya lita 100 za maji wakati pampu nzuri hutoa kama lita 30 kwa dakika. Kundi, kwa kugawana: kamba za kukokotea zisizopungua mbili, kafi la akiba moja kwa kila watu watatu, kisanduku cha huduma ya kwanza, utepe wa gundi imara wa kuzibia nyufa, turubai jepesi la kuwakinga wote na upepo, na vifaa vya mawasiliano kwa watu wawili tofauti. Mitoni kila mtu huongeza kofia ngumu na mfuko wa kamba ya kurusha wenye mita 15 hadi 20. Ila mtoni usijifunge kamba kiunoni kama baharini. Mkondo haupumziki, na kamba iliyonasa kwenye mti itakushikilia chini ya maji.

Sasa tuingie kwenye kuokoa, maana ndipo kila matarajio yanapopimwa. Njia ambayo kila mtu kwenye kundi lazima aiweze, kama mwokoaji na kama mwokolewa, ni ile ya kayaki mbili kupishana kama herufi T.

Aliyepinduka ana kazi mbili tu mwanzoni: kushika kayaki yake na kushika kafi lake. Asiiachie hata kidogo. Kayaki tupu hupeperushwa kwa kasi isiyofikiwa na mwogeleaji. Mwokoaji anakuja moja kwa moja hadi kwenye omo ya kayaki iliyopinduka na kuushika mshikio wake. Anamwamuru aliye majini, kwa sauti na kwa jina, ashike kamba za sitaha za kayaki ya mwokoaji. Mikono miwili ya mtu huyo iwe inaonekana wakati wote. Mwokoaji anaielekeza kayaki iliyopinduka ikae pembe mraba na yake, anaiinamisha kidogo ubavuni ili hewa iingie na mnyonyo ukatike, kisha anaivuta omo ipande juu ya sitaha yake. Maji yanatoka yenyewe. Ahesabu taratibu hadi tano, aigeuze iangalie juu, airudishe majini.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kayaki mbili zikae ubavu kwa ubavu, omo ya moja ikielekea tezi ya nyingine. Mwokoaji anaweka makafi yote mawili chini ya kamba za sitaha, analala kwa kwapa na kifua juu ya kayaki tupu, na kushika ukingo wa tundu kwa mikono miwili. Alale kweli, uzito wote. Wapya hushika kwa mikono iliyonyooka wakiogopa kupinduka, na kayaki zinaachana mara mwenzao anapopanda. Ukilala juu yake vyombo viwili vinakuwa kimoja, na hata ukitaka kupinduka huwezi.

Mwokolewa anakaa nyuma ya tundu lake, anashika kamba za kayaki zote mbili, anaelea tumbo chini miguu ikiwa nyuma, anapiga miguu kama anayeogelea na kujisukuma juu ya sitaha ya nyuma. Asijaribu kupanda akiwa amening'inia wima, kwa kuwa miguu itapita chini ya kayaki na mikono itabeba mwili wote. Akishalala kifudifudi, kichwa tezini, anaingiza miguu kwenye tundu na kujigeuza akimwelekea mwokoaji daima, ili uzito ubaki kati ya vyombo viwili. Akigeukia upande wa nje, anarudi majini. Akiketi, mwokoaji haachii. Pampu itumike, sketi ifungwe, kafi lirudi mkononi, apumue vizuri, ndipo aulizwe: uko tayari? Wanaopinduka mara ya pili mara nyingi ni wale walioachiwa mapema.

Kwa wawili waliozoea, yote haya ni chini ya dakika mbili. Kwa wale wa kayaki za kukalia juu ni rahisi zaidi: igeuze, mwenzako ashike, jivute mpaka kitovu kifike kitini, jigeuze ukae, kisha ingiza miguu. Mzito au mwenye bega bovu apewe kitanzi cha utepe kilichozungushwa kwenye kafi au ukingo wa tundu la kayaki ya pili, akanyage kama ngazi. Urefu wake upimwe nyumbani; kikiwa kirefu mno mguu unazama chini ya kayaki na hakuna msaada.

Kukokota nako kuna mambo yake. Aliyechoka tu, anayeweza kukaa wima, anakokotwa na mtu mmoja kwa kamba ya mita 15 inayoelea. Mawimbi yakitoka nyuma kamba iwe ndefu yote, la sivyo kayaki ya nyuma inateleza na wimbi na kumgonga anayevuta. Maji yakiwa tulivu fupisheni nusu. Lakini mgonjwa, mwenye kichefuchefu, mwenye bega lililoteguka, hakokotwi peke yake: atapinduka, na anayevuta yuko mita 15 mbele akiangalia kwingine. Anahitaji mtu wa kumshikilia ubavuni na mwingine wa kuwakokota wote wawili. Hesabu hapo: mgonjwa, mshikaji, mvutaji. Kundi la watatu limekwisha, hakuna wa kushika redio, hakuna wa kubadilishana na mvutaji anayechoka. Ndiyo sababu kwenye maji ya wazi tunapendelea wanne. Na msikokotane kuingia kwenye mawimbi yanayovunjika ufukweni. Fungueni kamba nje ya mavunjiko, mmoja atangulie kutua awapokee wengine.

Nafasi ya kila mtu majini ni sehemu ya ahadi. Tunakaa umbali wa kusikiana kwa sauti, na upepo ukizidi tunakaribiana, ingawa silika ya watu ni kutawanyika kila mmoja akipambana na lake. Mwenye uzoefu mkubwa hakai mbele kabisa. Anakaa upande wa demani wa yule dhaifu, yaani upepo unakoelekea, pale ambapo kitu kilichopinduka kitaelekea. Kila mmoja ana mtu wake wa kumtazama, na kutazama ni kugeuza kichwa, kila baada ya dakika moja au mbili. Ishara ziafikiwe ufukweni: kafi limesimama wima maana yake nini, filimbi moja ni niangalieni, filimbi tatu ni dharura. Ishara ya kimataifa ya kuomba msaada kwa mikono ni kunyoosha mikono pande zote mbili na kuipandisha na kuishusha polepole, tena na tena. Kupunga mkono mmoja kutadhaniwa ni salamu.

Kugawanyika kwa kundi ndiko tunakokuogopa kuliko kupinduka. Tarehe 22 Machi 1993, katika ghuba ya Lyme kusini mwa Uingereza, wanafunzi wanane, mwalimu wao na wakufunzi wawili walitoka Lyme Regis kwenda Charmouth, safari fupi ya kandokando ya pwani. Mwalimu alipinduka mara kwa mara. Mkufunzi mmoja akabaki naye, mwingine akawashikanisha wanafunzi ubavu kwa ubavu, na upepo wa kutoka nchi kavu ukawapeleka mbali mpaka makundi mawili hayakuonana tena. Hapakuwa na redio wala fataki za ishara, na saa nyingi zilipita kabla ya uokoaji kuanza. Wanafunzi wanne walifariki. Kampuni iliyoendesha safari ilitiwa hatiani mwaka 1994, na mwaka 1995 ikatungwa sheria ya kusimamia vituo vya michezo ya aina hiyo kwa vijana. Tukisoma mkasa huo sisi tunajiuliza maswali ya kundi dogo la marafiki. Ni nani kati yetu angebaki na aliyepinduka? Waliobaki wangekuwa na redio? Kifaa cha mawasiliano kikiwa kimoja, kundi likigawanyika upande mmoja unabaki bubu. Kwa hiyo viwe viwili, kwa watu wawili.

Redio ya VHF ya mkononi, ile ya mawasiliano ya baharini, ifungwe kwenye jaketi. Ikiwa stooni ni mzigo tu, na anayeihitaji anaweza kuwa ametengana na kayaki. Wote wajue kuiwasha, kuongeza nguvu na kwenda chaneli 16, na wote wajue kusema: Mayday (mwito wa dharura) mara tatu, jina la chombo au kundi, mahali mlipo, kilichotokea, mpo wangapi, mnahitaji nini. Ukiwa umeketi karibu na uso wa maji, mawimbi ya redio hayafiki mbali. Kati ya kayaki na kayaki ni kilomita chache. Simu ni ya ziada, kwani kioo chenye maji hakisikii vidole, na baridi hula betri. Kifaa cha kutuma ishara kwa setilaiti kwa masafa ya 406 MHz, kupitia mfumo wa kimataifa wa uokoaji wa Cospas-Sarsat, hutuma kwa angalau saa 24, ila antena iangalie anga wazi, na kiwe kimesajiliwa kwa jina na namba za mtu atakayepokea simu. Mtu wa nchi kavu naye awe na maandishi: njia, idadi ya watu, rangi za kayaki, saa ya kurudi, na saa ya kupiga simu ya dharura bila kuomba ruhusa ya mtu. Giza likiwakuta, kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinadai chombo cha makasia kiwe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, ya kuonyeshwa mapema kabla ya hatari.

Baridi inagusa haki ya mwenzako moja kwa moja. Vaa kwa ajili ya maji, hata kama jua linakuchoma. Maji ya chini ya nyuzi 15 humfanya mtu ahemeke bila kujizuia mara anapotumbukia. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada amefundisha kipimo kinachokumbukika kwa maji baridi sana: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za viungo kufanya kazi yenye maana, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa mwili. Dakika hizo 10 ndizo mwenzako alizo nazo kukurudisha ndani huku wewe ukiweza bado kushika kamba. Aliyekuja na fulana ya pamba amempunguzia mwokoaji wake muda.

Zoezi lifanyike mara kwa mara, na lifanyike pale panapofanana na safari: upepo kidogo, mawimbi kidogo, nguo zote za safari, mizigo ndani ya kayaki. Bwawa hufundisha hatua, halifundishi wimbi linalokunyang'anya ukingo. Badilishaneni vyombo na wenza, maana aliyezoea kumwokoa mtu mmoja mwepesi hujifunza mengi siku anapomwinua mzito. Na zoezi la kumwokoa aliyelegea kabisa, asiyejisaidia kwa lolote, lisirukwe kwa kuwa ni la kuchosha.

Je, anayefika pungufu? Kama ni kifaa na mwingine ana cha ziada, aazimwe, na afundishwe hapo hapo. Kama ni ujuzi, safari ipunguzwe iwe ndani ya ghuba, upande wa demani, mahali ambapo mtu anaweza kuogelea hadi nchi kavu. Kama ni jaketi analokataa kulivaa, au kamba yake haifunguki na hataki kuibadilisha, hatuendi naye, na tunamwambia hivyo kabla hajashusha kayaki kwenye gari. Tunamwambia siku iliyotangulia, tukituma orodha ya vifaa pamoja na saa ya kukutana, ili asiye navyo aseme mapema na apate pa kuazima, na anayeona masharti ni mazito abaki nyumbani bila kugombana na mtu ufukweni.